Si Kila Ufa Huzibwa kwa Saruji

Methali yetu yasema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumeisikia tangu utotoni na tumeiandikia insha shuleni. Sina nia ya kuipinga. Yafaa tukumbuke, hata hivyo, kwamba methali hiyo, kwa hekima yake yote, haikutaja ufa uzibwe kwa kitu gani, wala haikumwambia mwenye nyumba aulize kwanza ufa umetoka wapi. Katika miteremko ya Kilimanjaro, kuanzia Kibosho na Uru hadi Marangu na Mwika, ziko nyumba ambazo nyufa zake zilizibwa mapema, kwa saruji safi na mikono hodari, na hata hivyo wenyewe wakaja kujenga ukuta. Wako hata waliojenga ukuta kwa sababu waliuziba ufa.

Makala haya yanahusu lipu ya nje ya nyumba: kwa nini huharibika, iondolewe vipi, na irudishiwe kwa kitu gani. Huenda msomaji akaona kwamba hilo ni jambo la mafundi waashi, wala halistahili nafasi katika jarida la sayansi. Mimi naona kinyume chake. Maarifa yanayohitajika ili kutengeneza lipu ya nyumba ya udongo yanapatikana katika masomo ya fizikia na kemia ya shule ya sekondari, na fedha zinazopotea kila mwaka kwa kutoyatumia ni za wazazi wa wanafunzi hao hao.

Nianze kwa kosa langu mwenyewe. Marehemu baba yangu alijenga nyumba yetu kule Marangu kwa matofali mabichi yaliyokaushwa juani, juu ya msingi wa mawe ya volkano, akaezeka bati. Lipu yake ilikuwa ya udongo uliochanganywa na mchanga na majani yaliyokatwakatwa, kisha ikapakwa chokaa. Kila mwaka, kabla ya Krismasi, wakati watu wa kwetu waliotawanyika mijini wanaporudi nyumbani, mama aliziba sehemu zilizoliwa na mvua na kupaka chokaa upya. Niliporudi kutoka ng'ambo na shahada yangu ya udaktari, niliona haya. Niliona haifai mama wa mhadhiri wa chuo kikuu akae katika nyumba ya kusiribwa udongo. Nikaagiza lipu ya zamani ibanduliwe yote, na kuta zivikwe lipu nene ya saruji.

Majirani waliisifu. Baada ya masika ya pili ukuta ukaanza kutoa sauti ya debe tupu ulipogongwa. Baada ya masika ya tatu, pande la lipu lenye upana wa mlango likaanguka usiku, na matofali yaliyokuwa nyuma yake yalikuwa yamelowa kiasi kwamba mtu angeweza kuyachota kwa kijiko. Mama alikuwa akilala chumba cha ukuta ule. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, ukuta huu ulikuwa ukilowa na kukauka tangu baba yako alipoujenga. Tangu ulipouvika koti, haujakauka."

Nami nilikuwa nimesomea kemia ya vitu yabisi.

Tulimwita fundi mzee wa kijiji cha jirani. Nilitazamia kwamba angeitazama ile lipu iliyoanguka. Hakuitazama. Aliizunguka nyumba nzima, akaangalia upenu wa paa, akaangalia ardhi, akaangalia migomba iliyopandwa hatua mbili kutoka ukutani na mfongo uliopita nyuma ya jiko. Kisha akasema, "Daktari, wewe umetibu ngozi. Ugonjwa uko kwenye maji." Sentensi hiyo ndiyo muhtasari wa makala haya, yanayofuata ni ufafanuzi wake.

Maji yanatoka wapi?

Maji huufikia ukuta kwa njia tatu: kutoka juu, kutoka ubavuni, na kutoka chini.

Tuanze na yatokayo juu. Mvua ya mwaka mzima katika mji wa Moshi hukaribia milimita 900, lakini juu ya vihamba, kuelekea mpaka wa msitu, hupita milimita 2000. Tuchukue nyumba yenye paa linalofunika eneo la mita 10 kwa mita 8, mahali panapopata milimita 2000. Paa hilo hupokea meta za ujazo 160 kwa mwaka, yaani lita 160,000. Kama halina mifereji ya bati, nusu ya maji hayo, lita 80,000, hudondoka upande mmoja wa nyumba, katika mstari wa mita 10, na kuchimba ardhi iliyo karibu na msingi. Kila tone lirukapo kutoka ardhini huupiga ukuta kwa matope. Ndiyo maana lipu huanza kuharibika katika sehemu ya chini.

Hapa wazee wetu walikuwa na jibu lao. Nyumba ya msonge ya Wachaga iliezekwa kwa nyasi zilizoshuka hadi karibu na ardhi, hata ikawa vigumu kusema paa liliishia wapi na ukuta ulianzia wapi. Ukuta haukuonana na mvua. Tulipoingia katika nyumba za pembe nne na mapaa ya bati, tulipata mwanga na nafasi, lakini kwa kuwa bati ni ghali tuliufupisha upenu, na ukuta ukabaki bila mwavuli.

Maji yatokayo chini ni hatari zaidi kwa sababu hayaonekani. Mwanafunzi aliyewahi kuchovya mrija mwembamba wa kioo ndani ya maji ameona jinsi maji yanavyopanda ndani yake. Tabia hiyo huitwa kapilari. Mrija wenye nusukipenyo cha milimita 1 hupandisha maji milimita 15 hivi. Ukipunguza nusukipenyo mara 100, kimo huongezeka mara 100, yaani kufikia mita 1.5. Tofali la udongo limejaa vitundu vyembamba vya namna hiyo. Ukuta uliosimama juu ya ardhi yenye maji hunywa maji hayo kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa.

Kwa nini basi nyumba za udongo hazikuanguka zote? Kwa sababu maji yanapopanda, hutoka pia kwa njia ya mvuke usoni mwa ukuta. Alama ya unyevu husimama pale ambapo maji yanayopanda yanalingana na maji yanayotoka. Ukiuziba uso wa ukuta kwa lipu isiyopitisha mvuke vizuri, hujayazuia maji kupanda. Umeyafungia njia ya kutokea, nayo yatapanda juu zaidi yakitafuta mahali pa kutokea. Hivyo ndivyo nilivyomfanyia mama.

Saruji na ukuta dhaifu

Sina ugomvi na saruji. Tangu Mwingereza Joseph Aspdin alipopata hataza ya saruji aliyoiita ya Portland mwaka 1824, kitu hicho kimejenga madaraja, mabwawa na shule duniani kote, na nyumba ya matofali ya saruji hupigwa lipu ya saruji bila madhara, kwa kuwa ngozi na mwili ni wa jamii moja.

Tatizo hutokea tunapokiweka kitu kigumu juu ya kitu laini. Tofali la udongo hutanuka kidogo linapolowa na kunywea linapokauka. Lipu ya saruji haiwezi kulifuata. Mwishowe huachana nalo, au hupasuka nyufa nyembamba kama unywele. Nyufa hizo hizo, kwa sababu ya wembamba wake, huyavuta maji ya mvua kwa kapilari. Maji huingia kwa urahisi, lakini kutoka hayawezi, kwani eneo lote linalozunguka ufa limezibwa. Chumvi zilizoyeyuka ndani ya maji hujikusanya nyuma ya lipu, hugeuka fuwele zinapokauka, na fuwele hizo zinapokua husukuma lipu nje. Ule ungaunga mweupe tunaouona ukutani, ambao wengi huufunika kwa rangi mpya, ni ushahidi kwamba ukuta unanywa maji. Kuupaka rangi ni sawa na kumfunga kinywa shahidi.

Kutokana na hayo tunapata kanuni moja inayostahili kukaririwa na kila fundi: lipu isiwe na nguvu kuliko ukuta unaoibeba, na kila tabaka la nje lisiwe na nguvu kuliko tabaka lililo chini yake. Lipu ni ya kuliwa na mvua ili ukuta usiliwe.

Chokaa na kemia yake

Kitu kinachotimiza sharti hilo ni chokaa, peke yake au pamoja na udongo. Kila mwanafunzi wa kemia anazifahamu hatua zake, ingawa pengine hakuwahi kuambiwa kwamba zinahusu ukuta wa kwao. Mawe ya chokaa, ambayo ni kalsiamu kabonati, yakichomwa kwa joto lipatalo nyuzi 900 za Selsiasi hutoa hewa ya ukaa na kubaki oksidi ya kalsiamu. Kilo 100 za mawe safi hutoa kilo 44 za hewa hiyo na kubakiza kilo 56 za chokaa mbichi. Chokaa mbichi ikitiwa maji huchemka kwa kishindo na kuwa hidroksidi ya kalsiamu, ambayo ndiyo chokaa iliyozimwa. Ikichanganywa na mchanga na kupigwa ukutani, huivuta tena hewa ya ukaa kutoka angani, polepole, kwa majuma na miezi, hadi inapokuwa kalsiamu kabonati kama ilivyokuwa mwanzo. Kwa maneno mengine, fundi huliyeyusha jiwe, hulitandaza ukutani, kisha huliacha liwe jiwe tena. Jiwe hilo jipya lina vitundu vingi, kwa hiyo mvuke hupita.

Ndugu zetu wa pwani walilijua jambo hili kwa karne nyingi. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao sehemu yake ya kale kabisa ni ya karne ya 11, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ndivyo zilivyojengwa pia nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, mji ambao mamlaka ya kuuhifadhi iliundwa mwaka 1985 na ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Moja ya shida wanazokutana nazo wahifadhi wa mji huo ni lipu za saruji zilizopigwa juu ya kuta za zamani za chokaa: zinafungia unyevu na chumvi ndani. Ukuta wa matumbawe wa Zanzibar na ukuta wa udongo wa Marangu ni tofauti kwa sura, lakini ugonjwa wao ni mmoja.

Jinsi ya kubandua na kupiga upya

Fundi yule alianza kazi mbali na ukuta. Upenu ulirefushwa, mifereji ya bati ikafungwa, ardhi iliyokuwa imepanda hadi juu ya msingi ikaondolewa mpaka mawe yakaonekana, na mtaro wenye mwinamo ukachimbwa ili maji yaende shambani. Migomba ya karibu iling'olewa. Mama aliisikitikia, lakini alikubali. Mfongo uligeuzwa kwa ridhaa ya wanaohusika, maana mfongo si mali ya mtu mmoja.

Ndipo lipu ilipoguswa. Alipita ukutani akigonga kwa mpini wa nyundo, na kila palipotoa sauti tupu alipazungushia alama ya mkaa. Alibandua kuanzia juu kwenda chini, akiulaza tindo ili ubandue lipu bila kuuchimba ukuta. Palipokuwa pameshikana sana na tofali hakupalazimisha siku ile; alisema kwamba kung'oa kwa nguvu huondoka na uso wa tofali. Chumvi na vumbi viliondolewa kwa brashi kavu, kwa kuwa maji yangezirudisha chumvi ndani. Baada ya hapo ukuta uliachwa wazi ukauke. Hatua hiyo ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu mwenye nyumba anaona haya na fundi anataka ujira wake. Katika miteremko yetu miezi ya Januari na Februari yafaa zaidi kwa ukaushaji. Juni na Julai kuna baridi na mawingu, na ukuta haukauki upesi.

Mashimo yalizibwa kwa udongo ule ule wa matofali. Kisha ukuta ulinyunyiziwa maji kidogo, likarushwa tabaka jembamba la kushikilia, na baadaye yakafuata matabaka mawili, kila moja lisilozidi unene wa sentimita 1: la udongo na mchanga kwanza, kisha la chokaa kwa kipimo cha sehemu 1 ya chokaa na sehemu 3 za mchanga safi. Kila tabaka lilipewa muda wa kushika kabla ya jingine. Tabaka la chokaa lilifunikwa magunia mabichi kwa siku kadhaa, kwani chokaa ikikaushwa na jua kabla ya wakati hugeuka unga. Mwisho ikapakwa chokaa nyembamba mara tano. Kwa ukuta wa matofali ya kuchoma, ambao una nguvu zaidi, mafundi wengi hutumia mchanganyiko wa sehemu 1 ya saruji, 1 ya chokaa na 6 za mchanga. Kwa ukuta dhaifu zaidi, 1 kwa 2 kwa 9.

Hapana budi nitoe onyo. Chokaa huunguza ngozi na inaweza kupofusha macho. Anayeishika avae glavu na miwani, na mwanafunzi asiizime chokaa mbichi bila mwalimu.

Hoja za wanaopinga

Watasema wengine kwamba lipu ya udongo na chokaa ni umaskini, na kwamba taifa linaloendelea halina budi kuiacha. Nami nilifikiri hivyo, na fikira hiyo ilikaribia kumwangushia mama yangu ukuta. Maendeleo ni kukijua kitu kinachofaa mahali pake. Wengine watasema kwamba lipu ya namna hii hudai marekebisho kila mwaka. Ni kweli, lakini marekebisho hayo ni kazi ya karai moja na mwiko, ilhali lipu ya saruji ikianguka huanguka pamoja na uso wa ukuta.

Hoja nzito zaidi ni ya kuni. Kuchoma chokaa kwa magogo ni kuula msitu, na msitu wa Kilimanjaro ndio chemchemi ya mifongo yetu. Kwa hiyo sishauri kila kijiji kiwe na tanuri lake. Nashauri udongo uwe msingi wa lipu, na chokaa iwe kidogo, katika tabaka la nje tu. Aidha, Warumi wa kale walichanganya chokaa na majivu ya volkano yaliyochimbwa karibu na Pozzuoli, Italia, wakapata mchanganyiko ulioshika hata ndani ya maji. Mlima wetu nao ni wa volkano. Si kila udongo wa volkano una tabia hiyo. Ni lazima upimwe. Kazi ya kupima inafaa vyuo vikuu vyetu na watafiti wa vifaa vya ujenzi, na matokeo yaandikwe kwa Kiswahili ambacho fundi atakisoma.

Wajibu wa shule

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Chukueni matofali mawili mabichi yanayolingana, yaliyokauka vizuri. Moja lipigwe lipu ya saruji pande zote isipokuwa chini, na la pili lipigwe ya udongo na chokaa. Yakishashika, yasimamisheni juu ya mchanga uliolowa kwa saa kadhaa, kisha yaondoeni, yafungeni nailoni upande wa chini, na yapimeni uzito kila asubuhi kwa majuma mawili. Wanafunzi wachore grafu mbili na kuzilinganisha. Walio na finoftalini wavunje kipande cha lipu ya chokaa na kukidondoshea: palipo na rangi ya waridi chokaa haijawa jiwe bado. Na walio karibu na duka la vifaa wanunue chokaa ya mfuko na kuitonesha maji ya ndimu. Ikitoa povu jingi, imekwisha kuvuta hewa ya ukaa dukani na haitashika ukutani.

Mwanafunzi aliyefanya hayo atakaporudi nyumbani mwezi wa Desemba na kumkuta mzazi wake anataka kununua saruji ya kufunika ungaunga mweupe, atakuwa na la kusema. Hilo ndilo jaribio la kweli la elimu ya sayansi: imwezeshe kijana kumwambia baba yake, kwa adabu, "Baba, kabla hatujaziba, tuzunguke nyumba kwanza."

Nyumba yetu bado imesimama. Kila mwaka kabla ya Krismasi mimi ndiye ninayeshika mwiko, na mama huketi kivulini akinionyesha nilipopitiwa. Ufa bado twauziba, kama methali inavyoagiza. Lakini sasa, kabla ya kuuziba, twauliza maji yamepita wapi.